Vidole Vinane vya Ondoma

Taa nane ndogo, nyekundu, nilizong'oa
kwenye redio na chaja zilizokufa, sokoni Arua,
nikazichomeka kwenye bodi isiyozidi kiberiti.
Umeme umekatika tangu saa moja.
Kompyuta imebaki na asilimia kumi na tisa,
na mjomba Ondoma, mweupe kwa unga wa muhogo
kuanzia nyusi mpaka ndala,
anavuta kigoda, anauliza:
"Hii nayo inasaga nini?"

Inahesabu, nasema.
"Mpaka ngapi?"
Mia mbili hamsini na tano.
Anacheka mpaka unga unamwagika.
"Kwa taa nane, Ezaru?"

Mistari sita tu niliyoandika:
ongeza moja, onyesha,
ngoja nusu sekunde, rudia.
Nabonyeza. Maneno yanapita kwenye waya.

Moja: taa ya mwisho kulia.
Mbili: hiyo imezima, jirani yake kaamka.
Tatu: zote mbili macho.
Nne:
giza.

"Mashine yako imeruka nne," asema upesi,
yeye anayesikia mkanda ukilegea
akiwa bado ng'ambo ya barabara.
Kweli. Taa ya tatu nimeichomeka kinyume,
mguu mrefu umekaa pa mfupi.
Naigeuza. Nne inarudi nyumbani.

Mjomba, weka mikono mezani.

Hapo anasita.
Mkono wa kushoto huishi mfukoni,
hata kanisani, hata kwenye picha ya arusi ya dada.
Mkanda ulikula viwili, mwaka ule wa mvua nyingi,
cha pete na kile kidogo,
na mkewe Candiru akachekecha unga siku mbili
akitafuta pete.
Tangu hapo wateja wa Oli wana utani wao:
kumi ya Ondoma ni nane, hesabu tena beseni lako.

Anauweka.

Kidole kidogo cha kulia, nasema, ni moja.
Kinachofuata mbili. Cha kati nne,
cha shahada nane, dole gumba kumi na sita.
Kila mmoja abebe mara mbili ya jirani.
Vuka. Gumba la kushoto, thelathini na mbili.
Cha shahada, sitini na nne.
Cha kati, mia moja ishirini na nane.
Kiinue, kishushe, basi.
Mwenye vidole kumi, kwa hesabu yake ya sokoni,
anaishia kumi.

Hasemi kitu. Midomo inacheza.
Anainua, anashusha, anakosea kwenye kumi na moja,
anatukana kwa Kilugbara, anaanza upya,
na bodi inamtangulia, haimngoji.

Dakika mbili na ushei.
Zikawaka zote nane pamoja,
ukuta wetu ukawa mwekundu kwa nusu sekunde,
kisha zote, pu.
"Imekufa?"
Hapana. Namba iliyofuata ilitaka taa ya tisa,
na ya tisa haina pa kukaa.

Akautazama mkono,
pale kando ya kidole cha kati,
ngozi iliyojikunja kama mdomo wa gunia lililoshonwa.
Taa ya kulia ikawaka: moja.
"Kumbe imekwenda huku," akasema.
Sikuwa na jibu. Kompyuta ikazima.

Asubuhi lori la Maracha likaunguruma mlangoni.
Dereva akatoa kichwa dirishani:
magunia mangapi, mzee?
Mjomba akainua mikono yote miwili juu ya kelele,
wote miwili, peupe:
kidole kidogo cha kulia, cha shahada cha kulia,
dole gumba la kushoto.
"Matatu?"
"Hesabu vizuri," mjomba akamwambia,
akarudi ndani kukaza mkanda.